Mbwa Mweusi kwa Penseli na Mkaa: Jaribio la Tatu

Jaribio la pili la mchoro huu nililiacha njiani kwa sababu moja: weusi ulikataa kuwa weusi. Nilianza na penseli ya 2B, nikapanda hadi 6B na hatimaye 8B (kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo penseli inavyokuwa laini na nyeusi zaidi), nikikandamiza kwa nguvu kwa kudhani kwamba giza lingeongezeka, lakini nilipoinamisha karatasi kuelekea dirishani, ubavu mzima wa mbwa uling'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Grafaiti, yaani ile kiini cheusi cha penseli, ina vipande bapa vyembamba mno, na kadiri inavyokandamizwa ndivyo vipande hivyo vinavyolala na kuakisi mwanga. Nilipojaribu kuuficha mng'ao huo kwa mkaa, mkaa nao uliteleza, kwa kuwa uso wa karatasi ulikuwa umekwisha kuwa laini na hauna pa kushikia.

Safari hii nimegeuza utaratibu. Sehemu zenye giza kuu, yaani chini ya shingo, nyuma ya sikio na katikati ya miguu ya mbele, nimezitangulizia mkaa laini wa vijiti, nikausambaza kwa brashi kavu, kisha nikaongeza mkaa mgumu ulioshindiliwa pale tu palipodai weusi kamili. Penseli imebaki na kazi inayoiweza: ngozi ya pua, kingo za macho na manyoya mafupi ya usoni.

Mguu wa nyuma umenisumbua kuliko vyote. Siku zote niliamini kwamba goti la mbwa hupinda kinyume na letu, kumbe kile kinachochomoza nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na huelekea mbele kama la binadamu. Mchoraji Mwingereza George Stubbs, aliyetoa picha zake za mifupa na misuli ya farasi mwaka 1766, alijifunza mambo haya kwa kupasua mizoga. Mimi nimejiepusha na uvundo huo kwa kunakili picha ya mifupa mara 6, hadi mkono ukazoea.

Manyoya sikuyachora unyoya kwa unyoya tena. Nilifinya macho mpaka mwili ukabaki mafungu matatu ya kivuli, nikayajaza kwanza, ndipo nikafuata mwelekeo wa manyoya pale fungu moja linapokutana na jingine. Macho yalichukua jioni nzima: kope la juu huangusha kivuli chembamba juu ya mboni, na bila kivuli hicho jicho huonekana limebandikwa.

Kosa jipya liko kwenye sharubu. Nilizichora mapema kwa sindano butu isiyo na rangi, ili mifereji yake ibaki myeupe penseli itakapopita juu, nikasahau kwamba brashi ingesukuma vumbi la mkaa ndani ya mifereji hiyo. Za upande wa kushoto, nilikotumia penseli peke yake, zimetokea safi. Za kulia zimemezwa. Nilikikanda kifutio laini mpaka kikawa na ncha kali, nikaokoa 3, nazo ni za kijivu. Dawa ya kuzuia mkaa usifutike sijaipuliza bado, kwa sababu sikio la kulia halijakamilika.