Chupa saba ndani ya mifuko ya kaki: nilivyochagua mvinyo mwekundu wa harusi

Mimi ni mpishi wa sherehe hapa Dodoma. Mwaka jana kamati moja ya harusi ilinipa kazi isiyo ya sufuria: niwachagulie mvinyo mwekundu wa wageni 250. Fungu lilikuwa shilingi 1,500,000. Mwenyekiti alishakuwa na chupa yake moyoni, ya kutoka nje, ya 45,000, nzito mkononi na kitako kimebonyea ndani. Mhazini alitaka ya bei ndogo kuliko zote. Mama mkubwa wa bibi harusi alisema yeye anachojua ni kwamba mvinyo uwe mtamu, basi.

Nami nilikuwa na langu. Baba yangu analima zabibu huko Mpunguzi, ekari moja na nusu ya aina iitwayo Makutupora nyekundu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mizabibu ile. Nilijua kabisa kwamba nikiona neno Dodoma kwenye lebo, ulimi wangu utalainika kabla sijaonja. Kwa hiyo tulikuwa wanne mezani, na kila mmoja alikuwa na jibu kabla ya swali.

Nilikuwa na mwezi mmoja. Wiki ya kwanza nilikwenda Hombolo kwa fundi mmoja wa mvinyo ninayemfahamu kupitia baba, nikamwomba anifundishe kuonja. Aliniuliza mvinyo mbaya ninauita nini. Nikasema: mkali. Akasema hapo ndipo kazi inapoanzia, kwa sababu neno hilo tunalibebesha mizigo mitatu.

Aliweka glasi tatu mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa maji yenye ndimu. Ya pili chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, ikapozwa, bila sukari. Ya tatu maji yaliyotiwa vijiko viwili vya Konyagi. Nionje, nimwambie mwili umefanya nini. Ndimu ilinijaza mate pembeni mwa ulimi. Chai ilifanya kinyume chake, ilikausha mate, ufizi ukashika kama nimekula zambarau ambazo hazijaiva. Ya tatu ilinipa moto kooni na kifuani. Uchachu, ukakasi, na pombe. Nimekunywa mvinyo miaka kumi na miwili nikiviita vyote ukali.

Tangu siku hiyo sijapotea tena hapo. Uchachu huleta mate, ukakasi huyaondoa. Ukakasi wa mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ambamo mna tanini. Hizo hunata kwenye protini za mate, na ule utelezi wa kinywa unatoweka. Rangi nayo inatoka kwenye maganda hayo hayo. Ukikamua zabibu nyingi nyekundu juisi yake haina rangi ya maana; ni kulazwa pamoja na maganda wakati wa kuchachuka ndiko kunakoupa mvinyo wekundu wake. Baba huuza zabibu, na majirani wengine huuza mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokwisha kukamuliwa, kwenye madumu, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mchuzi ule unachukua nguvu zake kwenye ganda.

Fundi alinisisitizia jambo moja zaidi. Ukakasi si kosa, na uchachu si kosa. Mvinyo usio na uchachu ni kama mchuzi uliokosa ndimu, umelala tu. Kosa ni kimoja kuwapigia wenzake kelele. Na mvinyo mkavu, yaani ambao sukari yake karibu yote imeliwa na hamira ikawa pombe, haujaharibika kwa kukosa utamu. Hilo nililiandika kwa ajili ya Mama Mkubwa, maana watu wengi huku tuliingilia mlango wa Dompo, ule mvinyo mtamu, na tukabaki tunadhani mvinyo ndio ule peke yake.

Nilirudi mjini nikaendelea kufanya zoezi la glasi tatu kila jioni baada ya kazi, mpaka nikaweza kuvitaja vikiwa vimechanganywa.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma. Habari mbili zilinibadilisha. Ya kwanza ni ya Bordeaux, Ufaransa. Watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliushinda ulimi, kwa watu wanaosomea kazi hiyo. Ya pili ni ya Robert Hodgson, mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa takwimu. Kwenye mashindano ya mvinyo ya jimbo hilo waamuzi walipewa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, bila kuambiwa. Alipochapisha matokeo mwaka 2008, ni takriban mwamuzi mmoja kati ya kumi aliyekuwa ameupa daraja linalokaribiana mara zote tatu.

Wengine wakisoma hayo husema basi kuonja ni uongo. Mimi niliona kipimo. Kama hata mwamuzi hodari anatikisika, kitu cha kwanza kujua ni sisi wa kamati tunatikisika kwa kiasi gani. Hapo nikaamua: chupa zitafunikwa, na moja itapita mezani mara mbili.

Nilinunua aina sita. Tatu za Dodoma, za 12,000, 18,000 na 24,000. Tatu za nje, za 22,000, 30,000 na ile 45,000 ya mwenyekiti. Ya 18,000 nilinunua chupa mbili, katoni moja, duka moja. Binti anayenisaidia kuosha vyombo alizitia zote saba kwenye mifuko ya kaki, akafunga shingoni kwa uzi, akaandika namba, orodha akakaa nayo yeye. Mimi nilitoka nje ya chumba. Niliona ni lazima, kwa sababu mwamuzi niliyemwogopa zaidi ni mtoto wa mkulima.

Tulionja Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya chakula, watano: mimi, mwenyekiti, mhazini, Mama Mkubwa na dada wa bwana harusi. Mvinyo mwekundu unataka ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 hivi, na Oktoba ya Dodoma haina habari hizo, kwa hiyo chupa zilikaa kwenye friji nusu saa. Niliwaomba wote wasijipake manukato. Mama Mkubwa akaja na kitenge kilichofukizwa udi. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu kwamba udi wake ni mzuri mno, utazimeza harufu zote za glasi. Alicheka, akavua kile cha juu akakitundika nje barazani.

Kutema ndiko kulikokuwa kugumu. Ukimeza glasi saba, kufika ya tano unaonja ukarimu wa moyo wako tu. Lakini mle ndani walikuwemo watu wa pande mbili, wakwe, na huwezi kumwambia mzee ateme mbele ya wakwe zake. Nilimpa kila mmoja kikombe kirefu cha plastiki chenye mfuniko, nikavigeuza viti vitazame ukutani na dirishani. Kila mtu akatema akiwa peke yake. Baadaye mwenyekiti aliniambia kwamba bila viti vile angemeza vyote.

Alama zilikuwa 20: rangi 2, harufu 6, kinywani 8, na 4 kwa muda ladha inavyokaa baada ya kutema. Hizo za mwisho nilizipenda kwa sababu zinahesabika. Unatema, unaanza kuhesabu sekunde. Mvinyo mwembamba unaondoka kabla ya tano. Mzuri unavuka kumi na bado unabadilika. Kati ya glasi na glasi tulikula kipande cha mkate mkavu na kunywa maji. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kitu mpaka namba saba ipite, kwa sababu mzee akishasema "huu mzuri", kwa heshima zetu huu utakuwa mzuri kwa wote.

Namba 5 iliwakunja nyuso wote. Rangi pembeni ilikuwa ya udongo, harufu ya jamu iliyoungua, ladha imechoka. Ilipofunuliwa ikawa ni ya Dodoma, ile ya 24,000, na nakiri iliniuma. Lakini nilipokitazama kizibo niliona kimesukumwa juu kidogo na mvinyo umepanda ubavuni mwake. Hilo ni joto. Nikakumbuka kwamba duka nililoinunua linapanga chupa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa jua kuanzia adhuhuri. Nilinunua nyingine ya aina hiyohiyo mahali pengine, kivulini, na tulipoionja siku tatu baadaye hakukuwa na undugu kati yao. Tangu hapo, kabla ya kutazama bei, natazama chupa imesimama wapi.

Sasa namba zenyewe. Chupa iliyorudiwa ilikuwa namba 2 na namba 6. Mimi niliipa 14 kisha 13. Dada wa bwana harusi 15 kisha 14. Mhazini 15 na 13, Mama Mkubwa 12 na 9. Mwenyekiti aliipa 11 ilipokuja mara ya kwanza na 16 ilipokuja mara ya pili. Hakukasirika. Aliomba karatasi, akazitazama namba zake kimya, akasema, "Kumbe ni hiihii?"

Wastani wa mezani ulikuwa 13.4 na 13.0. Chupa ya 45,000 ilipata 14.2, ikawa ya kwanza. Ilistahili, harufu yake ilikuwa na tabaka, na ladha ilikaa. Lakini tazama: ilimzidi mvinyo wa 18,000 kwa alama moja hivi, wakati sisi wenyewe, juu ya mvinyo mmoja, tulitofautiana na nafsi zetu kwa alama 2.4 kwa wastani. Niliwaambia kamati kwamba tunaombwa kulipa 27,000 zaidi kwa kila chupa, kwa ajili ya tofauti ambayo hatuna uhakika kama tunaiona. Sehemu ya fedha hiyo ni meli, ushuru na uzito wa glasi, na mgeni hanywi hata kimoja cha hivyo.

Mhazini alitaka tugawe bei kwa alama, tuchukue yenye shilingi chache kwa kila alama. Nilimkatalia. Kwa hesabu hiyo mvinyo mbovu wa bei ya kutupa utashinda daima. Nilichofanya ni kuweka kizingiti, alama 12, na chochote kilicho chini yake hakizungumzwi hata kikitolewa bure. Kwenye vilivyovuka ndipo bei inapoingia. Ya 30,000 haikuvuka. Ilivuka ya 45,000, ya 22,000 kwa shida, na ya 18,000.

Mchana tulizijaribu hizo tatu na nyama ya mbuzi ya kuchoma niliyoagiza mnadani Msalato, maana arusini hakuna atakayekula mkate mkavu. Mambo yakageuka. Mafuta na protini ya nyama vililaza ukakasi wa ile ya 18,000, ule uchachu wake ambao asubuhi ulikuwa mkali kidogo ukawa unafanya kazi ya ndimu. Ya 45,000 ilibaki nzuri, ila pilipili iliamsha pombe yake na koo likawaka. Hapo hata mwenyekiti akasogeza glasi yake upande wa namba 2.

Na Mama Mkubwa? Alikuwa ameipa 16 ile ya 12,000, tamu, ambayo sisi wengine tuliiangusha. Hakuwa amekosea. Alikuwa anasema ukweli wa ulimi wake, na wazee wenye ulimi huo wangekuwa wengi ukumbini. Tukavunja kizingiti kwa ajili yao: chupa 48 za 18,000 na 12 za 12,000, jumla 1,008,000. Kilichobaki kiliongeza mbuzi.

Katoni nilizilaza Mpunguzi, kwenye tembe la baba. Kuta zake nene za udongo hazipitishi joto la mchana, na chumba cha nyuma kina giza. Zilikaa siku tisa. Usiku wa harusi, kabla ya vyombo kuoshwa, nilipita meza kwa meza nikitazama glasi zilizoachwa na mvinyo ndani. Nilihesabu kumi na nne ukumbi mzima. Chupa saba zilirudi hazijafunguliwa.

Moja nilimpelekea baba. Yeye hulima zabibu lakini mvinyo huonja kwa nadra, labda Krismasi. Nilimmiminia bila kumwambia ni ipi. Aliinusa muda mrefu, akanywa funda moja, akashika shavu kama mtu aliyeuma ndimu.

"Hii ilichumwa mapema," alisema.

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia huku kwetu mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza kwa kupogoa, ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mnunuzi akisema lori linakuja Jumanne, utachuma Jumanne, hata kama zabibu zinadai wiki nyingine mbili za jua. Sukari haijapanda, uchachu haujashuka. Akaiinua glasi kwenye mwanga wa mlango, akaitikisa kidogo.

"Lakini imetengenezwa vizuri," akasema, akaninyooshea nimwongezee.