Anza na mishipa: ubongo unavyoeleweka kwa penseli za rangi

Kama uko chuo chochote cha afya, iwe udaktari, uuguzi, utabibu au fiziotherapia kama mimi, unaijua ile wiki ambayo anatomia inafika kwenye ubongo. Mifupa ulishaishika mkononi, misuli uliitafuta kwenye mwili wako mwenyewe, afu ghafla unaletewa kitu cha kilo 1.3 au 1.4 hivi chenye mikunjo ambayo kwa macho ya mgeni inafanana yote, kila mkunjo una jina la Kilatini, na desa lenyewe ni kopi ya kopi mpaka mistari imeanza kufutika. Hapo ndo watu wengi wanaamua kukariri tu mtihani upite. Mimi nasema usikariri, nenda stationeri kanunue penseli za rangi. Ila na hapo pia kuna la kusema, kwasababu wengi wanaopaka rangi wanapaka vitu ambavyo haviwasaidii sana, nataka nikuambie uanze na nini.

Karibu kila mtu anaanza na lobu, yani zile sehemu kubwa za ubongo. Lobu ya mbele nyekundu, ya juu nyuma bluu, ya pembeni kijani, ya kisogoni njano, karatasi inapendeza, basi. Sio vibaya, lobu lazima uzijue, lakini ukimaliza kuzipaka bado hujui kwanini mgonjwa wako hasemi au kwanini mguu umepona mkono umebaki. Lobu zipake haraka uendelee.

Uzito wote uko kwenye mishipa ya damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana, damu ikikata dakika chache tu seli zinaanza kufa. Kwahiyo ukiwa unafanya kazi na wagonjwa wa kiharusi, na huku kwetu wapo wengi kwasababu ya presha ambazo hazikutibiwa mapema, ramani unayoihitaji kuliko zote ni ya nani anamlisha nani.

Fanya hivi. Chukua michoro miwili ya mistari mitupu, mmoja ubongo unaonekana kwa pembeni, mwingine umekatwa katikati unaonekana kwa ndani. Kabla hujashika rangi tafuta mfereji wa kati, ule unaoshuka kutoka juu kabisa ya kichwa kuelekea upande wa sikio. Mkunjo ulio mbele yake ndo unatoa amri za kutembeza mwili, ulio nyuma yake unapokea hisia za mguso. Sasa kwa penseli ya kawaida andika juu ya ule mkunjo wa mbele: mguu uko juu kabisa na unaingia mpaka ule upande wa ndani ambako nusu mbili za ubongo zinatazamana, mkono uko pembeni, uso uko chini zaidi. Hii ramani madaktari Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, Kanada, waliichapisha mwaka 1937, walikuwa wanagusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, wagonjwa wako macho, wanaangalia kiungo gani kinacheza na mgonjwa anasema anahisi wapi.

Ukishaandika ndo chukua rangi tatu. Ateri (mshipa unaoleta damu) ya mbele ya ubongo mpe njano, na hiyo njano itakaa karibu yote kwenye ule mchoro wa ndani pamoja na ukingo wa juu. Ateri ya kati mpe kijani, nayo itafunika karibu upande wote wa nje. Ateri ya nyuma mpe zambarau, itakaa kisogoni na chini ya lobu ya pembeni. Sasa iangalie karatasi yako. Neno mguu liko ndani ya njano, mkono na uso viko ndani ya kijani, na eneo la kuona liko ndani ya zambarau. Yani hakuna mtu amekufundisha hapo, umejionea mwenyewe kwamba ateri ya mbele ikiziba mguu unapooza kuliko mkono, ya kati ikiziba uso na mkono ndo vinalala zaidi, ya nyuma ikiziba mtu anapoteza nusu ya anachokiona hata kama macho yenyewe ni mazima. Na kupooza huko kunakuwa upande wa pili wa mwili, kwasababu sehemu kubwa ya zile nyuzi zinazopeleka amri za kutembeza mwili zinavuka pale chini kwenye shina la ubongo kabla ya kuingia uti wa mgongo. Mimi huo mvuko nauchora mstari mzito mwekundu kila karatasi hata kama sio somo la siku hiyo.

Kwenye kijani ya upande wa kushoto weka alama mbili za rangi iliyokolea. Moja mbele, eneo la Broca, nyingine nyuma zaidi, eneo la Wernicke. Daktari Mfaransa Paul Broca mwaka 1861 alikuwa na mgonjwa Paris ambaye alikuwa anaelewa anachoambiwa lakini neno lililotoka lilikuwa "tan" tu, alipofariki wakakuta ameharibika ubongo mbele upande wa kushoto. Daktari Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1874 akaeleza wale wa namna nyingine, wanaongea kwa mtiririko kabisa ila maneno hayaeleweki na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa. Maeneo yote mawili yako kwenye kijani moja, ndo maana mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi na lugha inakuwa imeguswa.

Na hii sio ya mtihani tu. Wodini ndugu wanauliza, "Dada, mbona mama anatuelewa, ukimwambia fumba macho anafumba, lakini hasemi? Ametukasirikia?" Nimewahi kufungua daftari nikamwonyesha binti wa mgonjwa ile kijani, nikamwambia hapa ndo damu haikufika, sehemu ya kutunga maneno iko hapa, sehemu ya kuelewa iko pale nyuma yenyewe imepona kiasi, mama hajakasirika. Alielewa kuliko angeelewa kwa majina yangu ya Kilatini, na kuanzia hapo wakawa wanaongea naye kawaida, hawamwongelei pembeni kama vile hayupo.

Karatasi ya pili ninayoipigia debe ni ule ubongo uliokatwa kama slesi za mkate, kata ile ya kulala. Pale katikati kuna viini, yani mafungu ya seli za ubongo: kuna talamasi, kuna kaudeti, kuna putameni na globasi palidasi, na katikati yao unapita ukanda mweupe mwembamba uliokunjwa kama herufi V, ndo kapsuli ya ndani. Vile viini vya pembeni vipake rangi za kukolea, kapsuli iache nyeupe mpaka mwisho, afu kwenye ule mkono wa nyuma wa hiyo V pitisha rangi nyekundu moja. Huo wekundu ni nyuzi zote za kutembeza nusu ya mwili, zile zilizotawanyika kote kule juu kwenye mkunjo mzima, hapa zimebanana sehemu ndogo sana. Na mishipa inayolisha eneo hili ni vijishipa vyembamba vinavyochomoka kwenye ateri ya kati, presha ya miaka mingi inavidhoofisha, vinaziba au vinapasuka. Kwahiyo jeraha dogo tu hapa linaweza kulaza uso, mkono na mguu kwa pamoja, wakati jeraha kubwa zaidi kule juu linaweza kuacha mguu. Hicho kitu kilinisumbua sana kukielewa kwa kusoma, kwa rangi kimeeleweka nikiwa bado sijamaliza kupaka.

Vyumba vya maji ya ubongo navyo usivikose. Viwili vikubwa vya pembeni, cha tatu katikati, kuna kijifereji chembamba sana kinachoshuka kwenye shina la ubongo, afu cha nne. Maji yote ni kama mililita 150 lakini mwili unatengeneza karibu mililita 500 kwa siku, kwahiyo lazima yatoke na yanyonywe kila wakati. Paka bluu ukifuata njia kwa mpangilio, usiruke, anza yanakotengenezwa umalizie juu yanakorudi kwenye damu. Ukifika kwenye kile kijifereji penseli yenyewe inabidi uichonge upya ndo ipite. Pakiziba pale maji yanajaa nyuma yake, na kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijafungana kichwa kinaanza kukua. Hawa ndo watoto wetu wa vichwa vikubwa na mgongo wazi tunaowaona kliniki, mama zao wengine wakiwa wamefichwa ndani kwa maneno ya majirani. Ukishapaka njia ile unaelewa pia kwanini kule Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alipita njia ya kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate mlango mwingine, pamoja na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza, badala ya kutegemea tu mpira wa kupeleka maji tumboni ambao ukiziba mtoto anatakiwa awahi hospitali na hospitali iko mbali.

Kuna wanaosema kupaka rangi ni mambo ya chekechea. Hapana. Elimu ya ubongo yenyewe imejengwa na rangi. Mwitaliano Camillo Golgi mwaka 1873 alipata njia ya kutia rangi seli za ubongo kwa madini ya fedha, na uzuri wake ni kwamba zinakolea chache tu, zingekolea zote usingeona kitu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia hiyo, akaiboresha, akakaa na darubini akichora kwa mkono, ndo tukajua neva ni seli zinazojitegemea, na mwaka 1906 wote wawili wakapewa Nobel. Mwaka 2007 kule Harvard wakafanya seli za ubongo wa panya zing'ae kwa makumi ya rangi tofauti ili waweze kufuata waya mmoja mmoja. Na Marian Diamond, profesa wa anatomia wa Berkeley aliyechunguza vipande vya ubongo wa Einstein, mwaka 1985 alishiriki kuandika kitabu kizima cha ubongo cha kupaka rangi. Hao nao ni wa chekechea?

Mambo ya vifaa kidogo. Penseli za mbao ni bora kuliko kalamu za wino, wino unavuja upande wa pili wa karatasi na huwezi kupakia juu yake. Eneo kubwa rangi nyepesi, kitu kidogo rangi kali. Jina la sehemu liandike kwa rangi ileile uliyoipaka, hii usiache kabisa. Rangi ya sehemu isibadilike kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine, talamasi ikiwa chungwa kwa pembeni iwe chungwa na kwenye kata. Substansia nigra, kile kiini kidogo cha kwenye shina la ubongo, mimi naipaka nyeusi kwasababu kweli ni nyeusi, na kwa mgonjwa wa Parkinson ule weusi unapauka seli zinapokufa. Kisha baada ya siku kadhaa toa kopi mpya isiyo na kitu, paka bila kuangalia, utaona wapi mkono unasita, hapo ndo pa kurudia.

Ukitoka hapo nenda shina la ubongo, na kopi yake ikuze iwe A3 ikiwezekana, maana neva 10 kati ya zile 12 za kichwani zinaungana pale na nafasi ni finyu. Mpe kila neva rangi yake kuanzia kiini chake mpaka tundu la fuvu inapotokea, na ya uso, namba 7, ifanye mapema, ndo itakusaidia kutofautisha uso uliopooza kwa kiharusi na uliopooza kwa neva yenyewe: wa kiharusi kawaida bado anakunja paji la uso pande zote mbili.