Inchi tatu, matundu mangapi?

Juzi kijana mmoja wa Igombe kanipigia akiulizia bei ya flenji ya inchi tatu, lile duara la chuma lenye matundu ya bolti linalounganisha bomba na pampu. Nikamuuliza, matundu mangapi? Akanyamaza. Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka aende kwenye pampu yake akahesabu, maana swali hilo mimi nimelilipia.

Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea kama fundi wa mabomba nilipata kazi kwa mzee mmoja wa Kayenze, analima nyanya kando ya ziwa. Pampu ya dizeli, mdomo wa kuvutia maji inchi tatu. Nikapita mjini nikanunua flenji mbili za inchi tatu, nikapanda nazo daladala kwenye mfuko wa salfeti. Kufika, pampu ina matundu manane, zangu zina manne. Nilizonunua zilikuwa za vipimo vya Kimarekani, daraja la presha la 150: matundu manne, duara la bolti, yaani linalopita katikati ya matundu, milimita 152.4. Ya pampu ilikuwa ya Ulaya, daraja la presha PN16: manane, duara milimita 160. Zote huitwa inchi tatu dukani, na haziingiliani hata ukizipiga nyundo.

Nikarudi mjini, nikaleta yenye manane. Hapo nikakosea mara ya pili, vibaya zaidi. Flenji hiyo ilikuwa na uso ulioinuka, yaani kuna mduara umenyanyuka kama milimita tatu kuzunguka tundu la katikati. Uso wa pampu ulikuwa bapa, na pampu yenyewe ni chuma cha kumimina. Ukikaza, bolti zinavuta ukingo wa nje ambao hauna kitu cha kuegemea, na chuma cha kumimina hakipindi. Kwenye bolti ya sita nikasikia "ta!", kama njiti ya kiberiti inavunjika. Ukingo wa pampu ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Mzee alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai alichoniletea.

"Mwanangu, hiyo ndiyo imekufa?"

"Imekufa, mzee. Ni mkono wangu."

Bodi mpya ya pampu nilimlipa kwa miezi mitatu.

Tangu siku hiyo, nikikuta chuma cha kumimina naweka flenji bapa na raba pana inayofunika uso wote mpaka nje ya bolti, na nakaza kwa msalaba, bolti moja kisha inayoikabili, kidogo kidogo. Ikipatikana yenye uso ulioinuka tu, naipeleka kwa fundi wa kukereza aisawazishe kwanza.

Flenji zina aina. Kwa kazi nyingi za huku ziwani ile ya kuvalisha inatosha: bomba linaingia ndani yake, unachomelea nje na ndani. Ya shingo, yenye mdomo mrefu unaochomelewa ncha kwa ncha na bomba, ni ghali, na fundi asikuuzie kwa ajili ya maji ya bustani. Niliifunga kwenye kinu cha mafuta ya pamba, njia ya mvuke, kwa sababu pale bomba linapata joto na kupoa kila siku, na ile shingo inaupokea mvuto taratibu. Bomba la zinki dogo, tumia flenji ya nyuzi, ya kuzungushia kwenye bomba, usiunguze zinki kwa moto. Bomba la plastiki nyeusi linataka flenji ya pete huru, inayokaa nyuma ya kola, yaani ukingo mpana wa mwisho wa bomba. Pete inazunguka, matundu yanakutana bila kulikunja bomba. Hiyo naipenda sana.

Presha isikutishe. Kila mita 10 za kupanda ni kama baa 1, na PN16 ni baa 16. Shamba gani la nyanya litafika huko?

Cha kuogopa ni upande wa kuvuta. Flenji ikivuja pale haidondoshi tone, inanyonya hewa, na pampu inakata maji huku mwenye shamba akilaumu injini. Paka povu la sabuni kwenye maungio pampu ikifanya kazi. Penye ufa utaliona povu linamezwa.

Jioni yule kijana akanitumia picha. Matundu manane, uso bapa, kutu kidogo upande wa chini. Nimemwambia achukue PN16 bapa, raba ya milimita tatu, na bolti nane za M16 kwa kila ungio. Alhamisi nakwenda kumfungia.