Bahari Ikiwa Kulia

Tuliondoka Belfast kwa gari saa mbili asubuhi, tukifuata barabara ya pwani kuelekea kaskazini hadi Giant's Causeway, na kosa likawa limeshafanyika. Ireland ya Kaskazini magari hupita kushoto. Ukitokea Belfast bahari iko kulia, wewe uko upande wa jabali, na kila ukitaka kuegesha kando ya maji lazima ukate njia ya wanaokuja. Anayetokea Derry, mwisho wa pili wa njia, hana shida hiyo. Abiria wetu wa mbele, mwenye kamera, alipiga picha za mawe na majani hadi mchana.

Gari lilikodiwa Dublin, kwa hiyo dashibodi ilisoma kilomita ilhali vibao ni vya maili. 30 kwenye kibao ni 48 kwenye mshale.

Kuanzia mji wa Larne barabara inalala miguuni pa majabali. Mhandisi William Bald aliianza 1832, ikakamilika 1842: alilipua jabali, mawe yakaporomokea ufukweni, akayafanya msingi.

Baada ya kijiji cha Cushendun tuliingia njia ya Torr Head. Ni nyembamba, gari moja tu, na milima yake ni mikali. Hapo klachi ikaanza kunuka, kwa sababu dereva alikuwa akilishikilia gari mlimani kwa klachi nusu badala ya breki ya mkono. Kupanda ni gia ya kwanza. Kushuka ni ya pili, breki ziguswe tu. Mkikutana, aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayepiga rivasi. Upande wa pili wa maji, Uskoti ilionekana waziwazi, kama kilomita 20 hivi.

Daraja la kamba la Carrick-a-Rede lilikuwa limefungwa kwa upepo. Lina urefu wa mita 20, na maji yako mita 30 chini. Wavuvi wa samoni ndio walioanza kulitumia. Tuliliangalia kwa mbali tukaendelea.

Giant's Causeway tulifika saa kumi. Ni nguzo za mawe zipatazo 40,000 ufukweni, nyingi za pembe sita. Lava ilipopoa kama miaka milioni 60 iliyopita ilinywea, ikapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na nyufa zikashuka chini moja kwa moja. Vichwa vingine vina kibonde kinachotuama maji. Kaa kwenye mawe ya kijivu. Yale meusi karibu na mawimbi yanateleza vibaya. Katika nyufa kulikuwa na sarafu zilizoshindiliwa na wageni. Zinapata kutu, zinavimba, na kingo za nguzo zinabanduka. Kati ya nguzo mbili nilihesabu saba, kutu imechirizika hadi chini.

Tulirudi kwa njia ileile. Juu ya Whitepark Bay bahari sasa ilikuwa kushoto, upande wa abiria wetu. Alishusha kioo, akanyanyua kamera. Betri ilikuwa imekwisha.