Uwanja Uko Wapi?

Juzi wamebandika karatasi mlangoni mwa jengo letu hapa East Harlem, New York. Mafundi watapita nyumba kwa nyumba kupiga picha nyufa za ukutani kabla uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi haujaanza, ili baadaye ijulikane ufa upi ni wa zamani na upi umeletwa na kazi. Mwanangu kaisoma mpaka chini, kisha kaniuliza, "Mama, hii ni kama ile ya Bibi?"

Ana miaka 13. Ya Bibi kaisikia tu kwetu, ingawa yeye ndiye aliyebebwa.

Mnaoikumbuka ile nyumba yetu ya mtaa wa 84 mnajua tulikaa chini kabisa, kwa sababu mume wangu ndiye alikuwa mtunza jengo na chumba kilikuwa sehemu ya malipo yake. Dirisha lilikuwa moja, linaangalia miguu ya wapita njia. Second Avenue ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na chini yake, mwaka ule wa 2012, walikuwa wanapasua mwamba kwa baruti wapate nafasi ya stesheni ya mtaa wa 86.

Niseme mapema kwamba stesheni tuliitaka. Watu wa upande huu wa Manhattan waliahidiwa reli hiyo tangu miaka ya 1920. Treni ya juu ya Second Avenue ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1940, ya Third Avenue ikafuata mwaka 1955, na ya chini haikuja. Mwaka 1972 wakaanza kuchimba. 1975 jiji likaishiwa fedha, kazi ikasimama. Wakarudi tena 2007. Miaka yote hiyo sote tulikuwa tunabanana kwenye njia moja ya treni, ile ya Lexington. Mimi mwenyewe, na mimba ya miezi minane, nimepanda treni namba 6 asubuhi nikiwa nimesimama, tumbo limegusa mgongo wa mtu nisiyemjua.

Mama alikuja kunilea uzazi. Alitoka Gongo la Mboto, na wenyeji wa Dar mnaelewa nikitaja Gongo la Mboto. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha la jeshi lililipuka, watu zaidi ya 20 wakafa, na maelfu wakakimbia na watoto mgongoni wasijue wanaelekea wapi. Mama alitembea usiku ule mpaka Uwanja wa Taifa, akalala humo na majirani zake. Alikuwa amesharudi nyumbani, amepaka rangi upya, amenunua vyombo vingine. Usiku ule hakuuzungumzia kwetu, si kwa simu wala alipofika.

Ilikuwa mchana. Mama alikuwa ananikanda. Nimekaa kwenye kigoda bafuni, kanga kiunoni. Anachovya taulo kwenye beseni la maji ya moto, anakamua, ananibandika tumboni, anakandamiza kwa kiganja huku akinigombeza kwa kukaza misuli. Mtoto kalala kitandani, mlango tumeuacha wazi tumsikie. Jikoni uji wa pilipili manga unatokota. Nje honi ikalia, ile ya kutahadharisha watu. Tulikuwa tumeshamweleza kwamba kuna kazi ya reli na kuna kelele, lakini kuelezwa ni kitu kingine.

Mlipuko wenyewe hauanzii masikioni, unaanzia kwenye nyayo. Sakafu inakusukuma juu mara moja, kama vile kuna jirani chini yako amegonga dari lake kwa mpini wa ufagio, halafu ndipo mshindo unafika, mzito, wa tumboni. Maji kwenye beseni yakajikunja duara ndani ya duara. Mfuniko wa sufuria ukagonga. Juu ya bomba la mvuke kukamwagika unga wa rangi kuukuu. Taulo lilikuwa bado tumboni kwangu, la moto, na mkono wa Mama haukuwepo.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Ule mlango wa chuma wa mbele ulikuwa unamshinda kila siku. Ilibidi mtu amsaidie kuusukuma. Siku hiyo nilipofika ukumbini ulikuwa wazi na unayumba. Nilivuta koti la mume wangu juu ya kanga, nikapanda ngazi na maumivu yangu yote ya uzazi, nikatoka. Arobaini haijatimia. Mzazi na kichanga nje, barabarani, kichwa wazi, jambo ambalo Mama angeona mtu mwingine analifanya angemfokea.

Nilimkuta kona ya Second Avenue, kwenye uzio wa kazi, peku. Mtoto kamfunga kwa kanga kifua kwa kifua, kiganja kimefunika kisogo chake. Hakuwa analia. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kaskazini, kusini, na aliponiona akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeuliza kituo cha daladala:

"Uwanja uko wapi?"

"Mama, si mabomu. Wanachimba reli."

"Uwanja uko wapi, mwanangu? Watu wa huku wanakimbilia wapi?"

Nilitazama alikotazama. Mwanamke anapita na kahawa mkononi. Mzee anamsubiri mbwa wake. Basi la M15 limesimama, dereva kafungua mlango, watu wanapanda mmoja mmoja. Upande wa pili wa uzio mafundi wenye kofia ngumu wanazungumza, na harufu ya baruti na vumbi la mawe mabichi inapanda taratibu.

"Mbona hawakimbii?" Mama akasema. "Hawajaambiwa?"

Fundi mmoja wa kuongoza wapita njia alituona. Sijui alielewa nini. Alichukua ndoo ya plastiki, akaimwaga maji, akaigeuza chini juu, akamwashiria Mama akae. Mama akakataa. Akanikalisha mimi, kwa kuwa mzazi ni mimi. Basi nikakaa juu ya ndoo, kando ya Second Avenue, na koti la mwanamume, na Mama amesimama mbele yangu ananikinga na upepo, mtoto anatafuta ziwa kifuani kwake na halipo.

Tulikaa pale mpaka miguu yake ilipoanza kuona baridi.

Tangu siku hiyo kulikuwa na begi mlangoni. Ndani yake kulikuwa na pasipoti, cheti cha mtoto, pempasi, chupa ya maji na kanga mbili. Kila honi ikilia, Mama anamchukua mtoto na kusimama chini ya fremu ya mlango, anasoma dua mpaka ipite. Arobaini ilipokwisha akawa anamweka mtoto kwenye kigari na kushika Third Avenue hadi msikiti wa mtaa wa 96, akae huko saa za baruti. Jengoni kuna waliocheka wakisema bibi wa Kiafrika anaogopa treni. Kiliniuma, na kinaniuma mpaka leo. Mama hakuogopa treni. Katika jengo zima yeye peke yake ndiye aliyewahi kuona mwisho wa sauti kama ile.

Na tarehe 21 Agosti, Idi ikiwa siku ya tatu, huko mtaa wa 72 baruti ilipiga kuliko ilivyokusudiwa. Mawe na vyuma vikaruka hadi barabarani, vioo vya madirisha vikavunjika. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia vibaya. Mume wangu alirudi na habari hiyo akiwa bado na nguo za kazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kubadilisha maji ya ile chupa ya begini.

Mengine yalikwenda upesi. Mama akarudi Dar. Myemeni wa dukani, ambaye uzio ulimficha mpaka akaandika kwenye boksi kwamba yuko wazi, alifunga duka. Kodi za mtaa zikaanza kupanda kabla hata ngazi za stesheni hazijawekwa. Mwaka 2016 jengo likauzwa, mwenye nyumba mpya akaja na mtunza jengo wake, nasi tukahamia huku East Harlem. Stesheni ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2017, adhuhuri. Tulishuka kuipanda. Ni nzuri, sitasema uongo: pana, ina hewa, ukutani kuna sura kubwa za watu alizozibuni msanii Chuck Close kwa vipande vidogo vidogo vya rangi. Yule mzee wa ghorofa ya tano, ambaye zamani alikuwa anapumzika mara mbili kabla ya kufika Lexington, nilimkuta ndani ya treni ya Q, amekaa, anatabasamu. Nilifurahi kwa ajili yake. Na nilikuwa na hasira, kwa wakati mmoja, na zote mbili ni za kweli.

Sasa reli inatufuata. Stesheni mpya zitakuwa mtaa wa 106, wa 116 na wa 125. Sehemu ya handaki ilishachimbwa miaka ile ya 1970, kwa hiyo huenda mahali pengine mshindo ukawa mdogo. Mkutano wa wakazi uko wiki ijayo. Nitakwenda, na nitasema tunaitaka, kwa sababu hapa wazee ni wengi na basi la M15 linawachosha. Lakini nataka pia mtu atuambie: jengo likiuzwa kabla treni haijafika, sisi tunakwenda wapi? Mume wangu anasema hilo si swali la watu wa reli. Huenda ni kweli. Ila ndio peke yao wanaotuita mkutanoni.