Edzná, Campeche na watu wa chini ya uwanja

Dada yangu alikuwa anasoma Mérida, Meksiko, na nilipomtembelea alikataa katakata kunipeleka Chichén Itzá, magofu mashuhuri ya Wamaya, wenyeji wa asili wa huko. "Huko kila mtu anaenda. Wewe nakupeleka Edzná."

Edzná nayo ni magofu ya mji wa kale wa Wamaya, katika jimbo la Campeche. Tulifika asubuhi, jua bado la upole, mijusi mikubwa imetanda juu ya mawe. Jengo la Ghorofa Tano lina urefu wa mita 31 hivi, na hekalu kileleni. Lakini mimi nilishikwa na habari ya maji. Bonde lile halina mto: mvua ikinyesha linafurika, kiangazi kikiingia linakauka. Wamaya wakachimba mifereji na mabwawa, wakaishi hapo karne nyingi, hadi mji ulipohamwa karibu mwaka 1450. Nimekulia nyumba iliyokinga maji ya mvua kwa mapipa, kwa hiyo kazi ile niliiheshimu kuliko hekalu lenyewe.

Chini ya paa la makuti kuna nyuso mbili za mungu wa Jua zilizofinyangwa kwa chokaa, moja ya jua linalochomoza, nyingine ya linalozama. Macho yana makengeza, masikioni mna vipuli vya duara, na wekundu wa rangi ya kale bado umeng'ang'ania hapa na pale. Nyuma yetu mtembezaji na mlinzi walikuwa wanapiga soga kwa Kimaya, wakicheka. Laiti wanaosema Wamaya walitoweka wangewasikia!

Jioni tulikuwa katika mji wa Campeche, ulio pwani, juu ya ukuta wake wa kale. Mwaka 1685 haramia Laurens de Graaf, waliyemwita Lorencillo, aliuteka na kuupora mji huu. Mwaka uliofuata Wahispania wakaanza kuuzungushia ukuta wa pembe sita. Ngome zake zilikuwa nane, saba zingalipo.

Tukashuka hadi uwanja mkuu, mbele ya kanisa. Hapo dada akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Unajua umekaa juu ya nani?" Mwaka 2000, wakati wa ujenzi, yaligunduliwa hapo makaburi ya tangu karne ya 16. Baadhi ya mifupa ilikuwa na meno yaliyochongwa. Wataalamu wakapima strontiamu, elementi ya asili iliyomo kwenye meno, ambayo mtoto huipata kwenye chakula na maji ya kwao, wakathibitisha kwamba baadhi ya watu wale walizaliwa Afrika Magharibi. Waliletwa watumwa. Nilikuwa nimesikia habari za Lorencillo kutwa nzima. Za hawa, hakuna aliyenitajia mpaka dada aliposema. Iliniuma sana.

Dada akamwuliza muuza vitafunwa kama anazijua habari hizo. Akasema ndiyo, alikuwa hapohapo wanachimba, akatuonyesha upande kwa kidole. Halafu akazitazama nywele za dada, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa nazo hizohizo.