Lile Bomu la Bahari ya Kaskazini

Juzi, ufukweni Usedom, kisiwa cha Ujerumani katika Bahari ya Baltiki, binti yangu aliokota kijiwe cha manjano kilicholowa, akakifumbata na kunijia mbio akisema, "Baba, kaharabu!" Nilimwamuru akiachie papo hapo, kwa sauti ambayo mama yake aliilalamikia hadi jioni. Fosforasi nyeupe, kemikali ya mabomu ya kuwasha moto, hufanana mno na kaharabu. Majini hutulia, lakini ikikauka mfukoni na kupata joto la mwili huwaka yenyewe, na ufukwe ule upo jirani na Peenemünde, kituo cha maroketi ya Wajerumani wakati wa vita, ambako ndege za Uingereza zilimwaga mabomu usiku wa Agosti 17, 1943. Kijiwe kilikuwa kaharabu kweli. Hata hivyo mtoto aliniuliza kama mabomu hayo hayana mwenyewe wa kuja kuyachukua, nikajikuta ninamsimulia habari za lile letu, ingawa si zote.

Wakati ule nilikuwa mwendesha roboti ya chini ya maji katika meli iliyopekua sakafu ya Bahari ya Kaskazini kabla ya kusimikwa mitambo ya umeme wa upepo. Ni kazi ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Meli huburuta vipima sumaku mstari kwa mstari, walio ofisini hugeuza vipimo hivyo kuwa orodha ya alama, nasi hushuka kwenye kila alama kuthibitisha kwamba hii ni nanga, ile ni mnyororo, na ile nyingine ni chuma cha nyavu kilichokatika. Hakuna njia ya mkato, maana katika maji ya Ujerumani pekee inakadiriwa kuwa kumelala tani milioni 1.6 za silaha za vita, nyingi zikiwa zilitupwa humo makusudi baada ya 1945, na hakuna nahodha anayekubali kushusha miguu ya chuma ambayo meli ya ujenzi husimamia sakafuni mahali ambapo hapajakaguliwa.

Asubuhi ile ilikuwa siku za maji mafu, nasi tulisubiri mkondo usimame kabisa ndipo nikashusha roboti. Nyuma yangu aliketi mtaalamu wa mabomu, Mjerumani wa makamo niliyemwita Mzee hadi akalizoea jina hilo. Nilifungua pampu ya kufyonza mchanga, kioo kikajaa vumbi la tope, tukangoja. Tope lilipopungua ulionekana mstari ulionyooka, na mtu aliyezoea sakafu ya bahari hushtuka aonapo kitu kilichonyooka, kwa kuwa mawimbi hayachongi hivyo. Nikafyonza kidogo tena, kwa ncha ya bomba, nikiwa nimezuia pumzi kana kwamba pumzi yangu ingefika huko chini. Ikatokea mviringo wa pipa, kutu iliyoota konokono, kisha pete ya chuma ya kuning'inizia, na kando yake kifuniko cha duara chenye matundu ya skrubu. Kaa mmoja alikuwa amejibanza chini ya pete ile, akainua gando kuitishia roboti. Mzee alisogeza uso hadi karibu aguse kioo, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, akasema taratibu, "La Kiingereza. Usiguse tena."

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Lilikuwa bomu la kutegwa baharini, la kudondoshwa na ndege kwa mwavuli, lenye baruti ya mamia ya kilo, nalo halikufaa kuhamishwa. Ikatandazwa duara ya bomba lenye matundu, ikasukumwa hewa ili pazia la mapovu lipunguze kishindo, vikashushwa vyombo vya sauti vya kuwafukuza pomboo wadogo wa bahari ile, tukaweka baruti ya kulilipulia na kusogea mbali.

Kishindo nilikisikia kwanza nyayoni, kupitia chuma cha sitaha, kabla maji hayajainuka. Nilikitambua. Mtoto wa Tanga wa rika langu alikulia na mlio huo, wa wavuvi wa baruti, na aliwajua majirani waliobaki na mkono mmoja. Tuliporudi pale samaki walikuwa wameelea matumbo juu, wachache kuliko nilivyotarajia, shakwe wakiwagombania, na hakuna mtu aliyeshika chandarua. Hapo ndipo nisipopaelewa hadi leo. Bomu lile lilipaswa kuondolewa, sina ubishi, na mapovu yalisaidia. Lakini macho yangu yalikataa kuona kwamba hii ni shughuli ya kuilinda bahari.

Mzee aliniuliza ninachotazama. Nikamwambia kwetu mtu hufungwa kwa jambo kama hili. Alicheka, akaacha, akauliza miaka mingapi. Nikamjibu kwamba hutegemea hakimu, na kama ushahidi haujaliwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kujaza fomu yake ya kuthibitisha kwamba eneo limesafishwa kwa kadiri inavyowezekana.